Mizinga ya gesi ya kufukuzia kwelea kwelea usiku: tuanzie wapi?

Mkazi wa Igunga
Ndugu zangu, habari za majukumu. Mwenye mashamba ya mpunga yaliyopakana na kitongoji chetu ameleta mizinga miwili ya gesi, yaani mitambo inayolipua gesi kwa kishindo ili kufukuza kwelea kwelea, nayo hulia usiku na mchana tangu mpunga ulipoanza kutia maziwa. Mama yangu, ambaye usingizi umemkimbia, hutia punje moja ya mahindi kikombeni kila anaposikia mlipuko. Juzi kulipokucha nilizihesabu nikapata 47. Hatupingi mtu kulinda mpunga wake, maana nasi tuna majaruba, lakini tulipomwendea alitujibu kwamba shamba ni lake. Tufanyeje?

Mzee wa Dungu
Mwanangu, nimeamia ndege tangu utotoni, juu ya dungu, kwa kombeo na debe bovu, na ninakuhakikishia kwamba kwelea kwelea hatafuti chakula usiku. Huteremka shambani jua likichomoza, hujificha vichakani joto likizidi, hurudi alasiri, na giza likiingia huwa amekwisha kulala kwenye matete au miiba. Mlipuko wa saa nane za usiku humfukuza nani, basi? Unamaliza gesi ya mwenyewe tu. Isitoshe, mzinga usiohamishwa ndege huuzoea, na baada ya siku chache utawakuta wakila kando yake.

Mkulima wa Nzega
Tusimlaumu kupita kiasi. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni, na vijana wa kuamia siku hizi hawapatikani kirahisi. Ila kuhusu usiku, mzee amesema kweli.

Mtendaji Mstaafu
Zipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, hupokea malalamiko, lakini mimi nisingeanzia huko, kwa sababu jirani aliyeshtakiwa kabla ya kuitwa kikaoni huwa mgumu zaidi. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, mkiambatisha tarehe na saa za milipuko (punje za mama ziingie daftarini), kisha ombeni jambo hilo lijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Msiombe mizinga ipigwe marufuku. Ombeni izimwe jua likizama, midomo yake ielekezwe mbali na nyumba, na idadi ya milipuko iwe na kikomo. Huko Uingereza chama cha wakulima chenyewe huwashauri wanachama wake wasizidishe milipuko minne kwa saa. Akikaidi, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ambayo itahitaji kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Mkazi wa Igunga
Ahsanteni sana, wazee wangu. Daftari nimenunua leo, ingawa mama amekataa kukiacha kikombe chake. Barua tutaipeleka Jumatatu, na hoja ya kwelea kwelea kulala usiku nitaiweka mwanzoni kabisa.