Kocha afukuzwa na dola milioni 54 mkononi: tumlaumu yeye au aliyeshika kalamu?

Mwananyika (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Huku Marekani kuna ugomvi unaotokota kati ya makocha wa vyuo na wakubwa wa idara za michezo, na chanzo ni pesa. Naona kwetu unapita kimya kimya wakati vijana wetu kibao wanasomeshwa huku na miguu yao. Nauleta mezani.

Tarehe 26 Oktoba 2025 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kilimtimua Brian Kelly, kocha wa futiboli ya Kimarekani. Jana yake alikuwa amechapwa nyumbani 49 kwa 25 na Texas A&M. Walimchukua mwishoni mwa 2021 kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 95 hivi, na mkataba unasema ukimwondoa kabla ya muda, unamlipa. Hesabu ikaja kama dola milioni 54. Gavana wa jimbo, Jeff Landry, akatoka hadharani amewaka, lakini hasira hazikumwangukia kocha. Zilimwangukia Scott Woodward, mkurugenzi wa michezo, aliyeandika mkataba ule. Gavana akakumbusha watu kwamba bwana huyuhuyu ndiye aliyempeleka kocha Jimbo Fisher chuo cha Texas A&M mwaka 2017 kwa miaka 10 na dola milioni 75, na Fisher alipofukuzwa Novemba 2023 fidia ilipita dola milioni 76. Tarehe 30 Oktoba Woodward naye akawa nje. Siku nne tu, kocha na bosi wake wote hawapo.

Sasa niwape picha ya upande wa pili. Nilikimbia miaka minne katika chuo kimoja cha kati, jina naliweka kapuni. Ijumaa moja jioni tunasubiri kuondoka kwenda mashindano ya mbio za nyika, kocha kakaa kiti cha mbele cha ile van ya viti 15, kawasha taa ya ndani, anatia noti kwenye bahasha. Kila bahasha dola 12, ndiyo chakula cha usiku, na kila mtu anasaini karatasi. Kufika bahasha ya mwisho noti zimekwisha. Ofisi ilihesabu wakimbiaji 9, sisi tulikuwa 10, kwa sababu mmoja aliruhusiwa na daktari Jumatano na jina lake halikuwahi fomu. Kocha akatoa pochi yake, hakusema neno. Jumatatu akapeleka risiti, ikarudi na karatasi ya njano: mabadiliko ya msafara yaletwe saa 72 kabla. Wiki hiyohiyo mafundi walikuwa wanafunga skrini mpya uwanja wa futiboli. Ukiwa bwenini unaisoma bila miwani.

Ndiyo maana nikisikia "makocha na watawala wanagombana kwa sababu ya pesa" huwa nauliza, kocha yupi? Kule juu wanakula sahani moja, wakishiba ndiyo wanarushiana sahani. Ugomvi wa kweli uko huku chini kwenye dola 12.

Swali langu: hizi fidia ziwekewe kikomo? Na nani abanwe, kocha au mkurugenzi? Karibuni.

Mhasibu wa Zamu

Mleta mada umeandika vizuri ila umetuonea sisi wa ofisini. Nafanya kazi kwenye fedha za idara ya michezo, mwaka wa saba huu.

Kwanza tuweke sawa la Fisher. Mkataba wa 2017 ni kweli ni wa Woodward. Lakini ile milioni 76 ilizaliwa na nyongeza ya 2021, na wakati huo Woodward alishahamia LSU tangu 2019. Kwa hiyo ni kalamu mbili. Na aliyeandika ile ya pili alikubali mambo ambayo mimi mhasibu yananinyima usingizi: zaidi ya dola milioni 19 ndani ya siku 60, kisha milioni 7 na ushee kila mwaka hadi 2031, na hata Fisher akipata kazi kwingine haikatwi senti.

Kwa nini mtu mzima asaini hivyo? Njoo ukae Novemba kwenye ofisi ya mkurugenzi. Timu imeshinda mechi nane. Wakala wa kocha anapiga simu kwa upole kabisa, anasema kuna chuo kingine kimeulizia. Baada ya nusu saa anapiga mfadhili aliyejenga jengo la mazoezi, anasema huyu kocha akiondoka tusimtafute tena. Huo ni wakati wa kuhesabu? Ukimwachia kocha, wa kwanza kufukuzwa ni mkurugenzi. Ukimpa nyongeza, tatizo linakuja baada ya miaka mitatu, na pengine wakati huo umeshahama. Mnasema tunakula sahani moja. Mimi naona mtu kashikiwa kisu na watu wawili, mmoja ana filimbi na mwingine ana kitabu cha hundi.

Halafu tangu 1 Julai 2025 kuna mzigo mpya. Mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na sasa chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kama dola milioni 20.5. Juu ya hapo kuna fidia ya wanamichezo wa miaka ya nyuma, karibu dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na sehemu yake inakatwa kwenye mgao ambao NCAA ilikuwa inatupa. Haikuja na chanzo kipya cha mapato. Tiketi ni zilezile, televisheni ni ileile. Kocha wa futiboli anaingia ofisini anataka zote ziende kwake, wa kikapu yuko mlangoni, na wa riadha ameleta risiti ya dola 12. Risiti ya namna hiyo hatuikatai kwa roho mbaya. Mkaguzi akija haulizi njaa, anauliza fomu.

Dada wa Kikapu

"Mkaguzi haulizi njaa." Hii nitaichapisha kwenye fulana.

Mhasibu, hukusema hiyo milioni 20.5 inagawanywaje. Vyuo vingi vikubwa vinafuata mpangilio uliotumika kugawa fidia ya miaka ya nyuma: takriban asilimia 75 futiboli, 15 kikapu cha wanaume, 5 kikapu cha wanawake, na 5 iliyobaki ndiyo inagombaniwa na wote wengine, waogeleaji, riadha, tenisi, voliboli. Sheria ya Title IX ya 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika masomo yanayopata fedha za serikali kuu, na michezo imo. Sasa huu mgawo mpya nao uko chini ya sheria hiyo au la? Wakati wa Biden wizara ya elimu ilisema upo, Trump alipoingia mwongozo huo ukafutwa. Makocha wa timu za wanawake wamebaki wanakisia.

Nimecheza. Najua kocha wa wanawake anavyoongea na mkurugenzi: anaanza na kushukuru, anamaliza na kushukuru, ombi analificha katikati kama kidonge kwenye ndizi. Yule wa futiboli anaingia bila hodi.

Kichwa Ngumu

Mimi naona mnazunguka. NCAA ipige marufuku. Kocha asizidi milioni moja, fidia isizidi mshahara wa mwaka mmoja. Mwisho wa mada.

Wakili wa Kariakoo

Kichwa Ngumu, walishajaribu, na walianza na wanyonge, kama kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 NCAA ilibana matumizi kwa kuweka aina ya kocha msaidizi ambaye hapaswi kuzidi dola 16,000 kwa mwaka, 12,000 za msimu wa masomo na 4,000 za kiangazi. Wakashtakiwa, kesi ya Law dhidi ya NCAA, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema waajiri kukaa pamoja na kupanga mshahara ni kuvunja sheria ya ushindani. Mwaka 1999 wakamalizana kwa dola milioni 54.5.

Rudia namba hiyo taratibu. Makocha wadogo wa nchi nzima walishinda, wakagawana takriban kile ambacho Kelly anadai peke yake.

Kwa hiyo kikomo cha NCAA hakitasimama mahakamani bila Bunge la Marekani kuwapa kinga, na kinga hiyo wanaitafuta miaka nenda rudi. Lakini hakuna sheria inayomzuia mkurugenzi mmoja, kwenye chuo chake, kusema hapana. Hakuna pia inayozuia bodi kuandika kwamba kocha aliyefukuzwa atafute kazi na atakacholipwa huko kikatwe. Mkataba wa Kelly una kifungu cha namna hiyo, wa Fisher hauna. Neno moja hilo thamani yake inaweza kujenga hospitali.

Eldoret Kwetu

Jameni, msijifanye haya ni mambo ya Wazungu pekee. FKF yetu, shirikisho la soka la Kenya, ilimfuta kocha Adel Amrouche 2014, kesi ikazunguka mpaka tukaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100, na FIFA ikatishia kututoa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Aliyemfuta hakulipa hata ndururu kutoka mfuko wake. Na nyinyi Watanzania mkamchukua 2023, hongereni.

Lakini mimi nimeingia hapa kwa sababu ya mpwa wangu. Anakimbia mita 10,000 huko. Hayo makubaliano ya House yamekuja na idadi ya juu kwa kila timu: mbio za nyika 17, riadha 45, futiboli 105. Chuo kinachochukua huo mpango lazima kifuate. Mpwa wangu alikuwa wa 19 kwenye orodha, kocha akamwita akamwambia kwa huruma kabisa kwamba atafute chuo kingine. Alipata. Huko kwingine wenzake wa Kimarekani wanasaini hela za matangazo, yeye ana viza ya mwanafunzi, F-1, inayobana kazi za malipo, anaambiwa ngoja wanasheria waangalie. Amengoja hadi leo.

Halafu kuna hii ya chuo cha Washington State. Wazee mnakumbuka mkimbiaji wetu Henry Rono alikuwa huko akiwa mwanafunzi, 1978 akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Juni 2025 chuo hichohicho kikatangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi, kibaki zaidi na mbio za kati na ndefu. Ligi yao, Pac-12, ilikuwa imesambaratika 2024, vyuo 10 kati ya 12 vikaondoka kufuata pesa za televisheni, wao na Oregon State wakaachwa na jina. Kijiweni kuna aliyeshangilia, eti sasa nafasi zote ni zetu. Nikamuuliza, unajua kwa nini wameacha mbio ndefu? Kwa sababu ni rahisi. Hazitaki mikeka, mikuki wala vyandarua vya kurushia kisahani. Mpe kijana viatu na barabara. Siku watakayopata kitu cha bei rahisi zaidi sijui tutaenda wapi.

Mhasibu wa Zamu

Eldoret, hapo umenigusa. Kikao cha kufuta timu nimekaa kimoja. Hakuna aliyesema "futa". Tuliangalia jedwali, mtu akasema "safu ya 14 tuiangalie upya". Safu ya 14 ilikuwa watoto 22.

Lakini jamani na makocha wakubwa mtawaacha lini? Kocha Lane Kiffin aliondoka Ole Miss, chuo kikuu cha Mississippi, 30 Novemba 2025, timu inaelekea mchujo wa ubingwa, akaenda LSU hiyohiyo iliyotoka kumfukuza Kelly. Mkataba wa miaka saba, takriban dola milioni 13 kwa mwaka. Na bado aliomba abaki kuongoza timu aliyoiacha kwenye mchujo. Mkurugenzi wa Ole Miss, Keith Carter, akamkatalia. Mimi siku hiyo nilimpigia Carter makofi nikiwa sebuleni kwangu.

Mwananyika (mleta mada)

Nakubali mawili. La Woodward na nyongeza ya Fisher, nilimbebesha mzigo usio wake wote. Na Carter, ndiyo, alisimama.

Ila Mhasibu, angalia ulichosema mwenyewe. LSU wanadaiwa milioni 54 na wa zamani, na ndani ya wiki tano wameandika takriban milioni 91 kwa mpya. Hakuna aliyeambiwa alete fomu saa 72 kabla. Unasema mkurugenzi kashikiwa kisu. Basi mbona kisu hicho hakimtetemeshi mkono anaposaini, kinamtetemesha tu kwenye risiti? Mkiniuliza mimi, fidia yoyote ya zaidi ya miaka miwili ya mshahara ipite mbele ya bodi kwa kura ya wazi, majina yaandikwe. Sio wafadhili chumbani. Wakili anasema sheria inaruhusu chuo kimoja kimoja kujibana. Kianze hata kimoja.

Dada wa Kikapu

Na kitapoteza makocha wote msimu huohuo. Ila naunga mkono, nataka kuona majina.

Mwananyika, yule kocha wa bahasha yuko wapi siku hizi?

Mwananyika (mleta mada)

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Barua ya kutoongezewa ilikuja mwezi Juni, ukurasa mmoja. Alilipwa siku tisa za likizo ambazo hakuwahi kwenda.