Pumba za Atta Wanakula Kuku

*UKOO WA BIBI MWANAHAWA 🌴*
Jumamosi

07:42 Mjomba Hamisi: Asalaam aleikum familia. (Picha) Mzigo huo mmeuona? Atta, unga wa ngano usiokobolewa, kilo 10. Kuanzia leo hapa nyumbani unga mweupe marufuku, nishamwambia kila mtu. Unga mweupe ndo unatumaliza na sukari

07:44 Mama Zuu: Waaleikum salaam kaka. Kilo 10!! kwani unafungua mgahawa

07:51 Zuu: shikamooni wote. mjomba samahani lakini bibi sa hivi yuko uani na chekeche, anachekecha huo unga wako na pumba anawarushia kuku

07:51 Zuu: (Picha)

07:52 Shafii Muscat: 😂😂😂 nimekufa

07:53 Mjomba Hamisi: MAMA!!! Jamani mwambieni aache, unga ule bei yake si ya mchezo

07:58 Rehema: Shikamoo mjomba, shikamoo mama mdogo. Ndo natoka zamu ya usiku, nimeona hiyo picha nimecheka mpaka dereva wa bajaji kageuka. Mjomba hao kuku wiki ijayo watakuwa na afya kuliko nyie wote. Atta ni dona ya ngano, ukishatoa pumba umebaki na sembe uliyoinunua kwa bei ya dona

08:03 Zuu: bibi anasema niandike hivi hivi: "Hamisi mwanangu, chapati zako za jana zilikuwa kama soli ya kiatu na mie meno yenyewe ya kununua, na pumba tangu lini ikaliwa na mtu, sisi enzi zetu pumba ya kuku na ng'ombe. Mwisho." kasema na hiyo mwisho niiandike

08:04 Mama Rehema: Marahaba Zuu. Kwa hilo la soli mama yuko sawa, mie mwenyewe jana taya liliniuma

08:09 Rehema: Haya shida ya chapati ngumu sio atta ni mkandaji, mjomba usinune. Pumba inakunywa maji sana, sasa ukiukanda kwa maji yale yale ya unga mweupe ukasukuma hapo hapo lazima utoke mbao. Maji ya vuguvugu, uwe laini mpaka unakunata mkononi kidogo, funika nusu saa ndo ukate madonge. Na mwanzo changanya nusu kwa nusu, matumbo yenyewe hayajazoea mtapata gesi mlaumiane humu ndani

08:10 Shafii Muscat: Ya gesi tumuulize kaka Hamisi

08:10 Mjomba Hamisi: Wewe huko huko

08:15 Asha: Dada kwani hiyo pumba ina nini hasa mbona unaitetea hivyo

08:24 Rehema: Punje ya ngano ina ganda ambalo ndo pumba, ina wanga ule mweupe wa katikati, na ina kiini kile kidogo kinachoota. Wakikoboa wanatoa ganda na kiini wanakuachia wanga. Sasa bibi kilo moja anatoa chapati 15, maana yake kila chapati ina unga kama gramu 67 hivi. Ya atta hapo una nyuzinyuzi gramu 7, ya unga mweupe hata 2 hazifiki. Mtu mzima WHO wanasema apate angalau 25 kwa siku, mwongozo wao wa 2023, mtoto wa miaka 2 mpaka 5 zinamtosha 15, wa 6 mpaka 9 ni 21, kuanzia 10 ni kama mkubwa. Kwahiyo chapati mbili za atta na maharage ushavuka nusu ya safari. Bado magnesiamu, zinki, vitamini B, vyote vimelala kwenye hilo ganda na kiini ambavyo sa hivi viko kwenye tumbo la jogoo

08:26 Mama Zuu: Na bibi jana tu alikuwa analia choo kigumu siku ya tatu 🤦🏾‍♀️

08:27 Zuu: bibi anasema hayo si ya kuandika kwenye simu

08:29 Rehema: Bibi shikamoo, mie mjukuu wako sioni haya. Hiyo pumba unayowatupia kuku ndo dawa ya hilo tatizo, ila unywe maji. Pumba bila maji inakwenda kuziba badala ya kuzibua, na wewe maji mpaka ukumbushwe. Zuu kila akila mpe glasi

08:33 Mjomba Hamisi: Si mnaona sasa. Mimi wiki ya pili hii atta tupu, asubuhi naamka mwepesi. Hata vidonge vya sukari nimeanza kupunguza, juzi nimekula chapati 5 raha mustarehe

08:34 Mjomba Hamisi: _Ujumbe huu umefutwa_

08:34 Zuu: nishaupiga screenshot 👀

08:35 Rehema: Mjomba

08:35 Rehema: Umesema umepunguza nini?

08:37 Shafii Muscat: Kimenuka

08:41 Rehema: Mjomba leo asubuhi kipimo kimesoma ngapi, andika hapa hapa mbele ya watu

08:46 Mjomba Hamisi: 13.8

08:47 Mama Rehema: Hamisi wewe!

08:55 Rehema: Sikiliza mjomba wangu kwa heshima zote. Atta ni chakula kizuri lakini ni wanga bado, chapati moja ya bibi ina wanga gramu 48 hivi, tano ni 240, hapo sijaweka mafuta unayozipaka. Watu mnadhani rangi ya kahawia maana yake sukari haipandi. Kuna majedwali ya kupima chakula kinapandisha sukari haraka kiasi gani, mkate mweupe una 75 na wa ngano nzima una 74, pointi moja tu! Kwa sababu ngano ikisagwa ikawa vumbi tumbo halina kazi ya kufanya tena, hata pumba ikiwemo. Faida ya atta utaipata miaka kwa miaka, moyo, choo, kushiba mapema, lakini haifanyi kazi ya kidonge. Ukitaka sukari ipande pole pole chemsha ngano punje nzima na maharage kama makande ya kule Lushoto, ule kibakuli na mboga za majani, si sinia. Chapati ni moja, na vidonge unarudia leo kama ulivyoandikiwa, Jumatatu nakufuata mwenyewe twende kliniki

08:57 Mjomba Hamisi: Sawa mama

08:57 Mama Zuu: Anakuita mama leo 😂

09:05 Mama Sabra: Wifi samahani naingilia, Sabra ana miezi 8, baba mkwe kasema hata yeye uji wake uwe wa atta tu. Nimpe?

09:13 Rehema: Mpe lakini usimjaze wifi. Huyo tumbo lake ni kama ngumi yake, ukimpa pumba nyingi anashiba nyuzinyuzi kabla hajapata nguvu ya kukulia, nyuzinyuzi nyingi ni za sisi wakubwa wenye vitambi. Uji wa atta mara moja kwa siku inatosha, uwe mzito, tia karanga zilizosagwa laini au yai au kijiko cha mafuta, na ziwa aendelee kama kawaida. Kama hajawahi kula ngano anza na kidogo asubuhi umuangalie mchana, vipele au kutapika unaacha unamleta. Chumvi na sukari hapana

09:14 Zuu: bibi anauliza na asali?

09:14 Rehema: ASALI HAPANA mpaka afikishe mwaka, ina vijidudu ambavyo sisi havitufanyi kitu ila mtoto mchanga vinamlegeza mwili mzima. Bibi naomba ile chupa ya asali ya Handeni ikae juu ya kabati

09:15 Zuu: anasema wewe mwenyewe ulilambishwa siku ya pili na mpaka leo mdomo haujafungika

09:16 Asha: 😂😂😂 bibi kamaliza

09:18 Asha: Na mie je, mimba miezi 5, damu yangu kliniki wamesema 10.2, kwahiyo atta itanipandisha?

09:27 Rehema: Hapo kuna mtego. Madini chuma kwenye ngano nzima ni mengi kweli, lakini pumba ina asidi inayoyashikilia yasiingie mwilini. Ukiumua na hamira hiyo asidi inapungua, kwahiyo mkate wa atta ulioumuliwa vizuri unakufaa kuliko chapati. Machungwa ya Muheza yamejaa sokoni, kula moja na chapati yako, au kachumbari ya ndimu. Na hiyo chai ya rangi unayoshushia kila mlo iache, kunywa baada ya saa nzima, chai inazuia chuma vibaya sana. Halafu unga mweupe usiudharau kwa kila kitu, tangu 2011 hapa Tanzania kuna kanuni unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini chuma na foliki asidi, atta ya kusagiwa mashine ya mtaani hiyo kitu haina. Soma pakiti. Na vidonge vya damu unameza sio unaficha kwenye pochi

09:28 Asha: Nani kakwambia 😳

09:28 Mama Rehema: Mimi

09:30 Rehema: Zuu na wewe hivyo hivyo, binti ukishaanza kwenda mwezini unataka chuma, sio mandazi mawili na soda ndo umekula mchana

09:31 Zuu: jamani haya ndo mambo ya group la ukoo kweli?? mjomba yupo humu 😭

09:31 Mjomba Hamisi: Mimi sijasoma kitu

09:40 Shafii Muscat: Mnahangaika na chapati, bokoboko je? Huku wanaita harees, Ramadhani kila nyumba ina sufuria. Mpaka UNESCO wameiweka kwenye urithi wao 2023, Oman na Imarati na Saudia. Ngano inalala kwenye maji usiku, asubuhi unaiunga na nyama moto mdogo masaa mpaka inavurugika, halafu unaiponda. Hata asiye na meno anakula

09:44 Rehema: Mjomba Shafii leo umeongea la maana. Bibi hana haja ya kutafuna, protini imo, Sabra anachotewa yake kabla chumvi haijaingia. Ila nyingi za dukani ngano yake ishatolewa ganda la nje, mkipata yenye ganda ilowekeni zaidi

09:46 Mama Zuu: Mie naijua duka moja Ngamiani ninaulizia. Ijumaa basi, kwa bibi. Nani anaponda?

09:46 Mjomba Hamisi: Mimi nitaponda

09:47 Rehema: Mjomba utaponda, utakula kibakuli kimoja. Samli naimwagia mie mwenyewe

09:49 Rehema: Halafu hizo kilo 10 na joto hili la Tanga mtazimaliza lini? Kiini kina mafuta, atta haikai kama unga mweupe, mwezi tu utasikia harufu ya mafuta yaliyochacha na fukusi juu. Gawa. Kilo 2 kwa mama, 2 kwa mama mdogo, 2 kwa Asha, zilizobaki kwenye kopo lenye kifuniko na kama friji ina nafasi tia

09:50 Mama Rehema: Mie nakuja na ndoo sasa hivi kabla hajabadili mawazo

09:53 Zuu: bibi anauliza pumba alizokwisha chekecha azirudishe kwenye unga?

09:53 Rehema: Azirudishe 🙏🏾

09:55 Zuu: zimebaki kama kiganja. na jogoo kaingia jikoni anatafuta nyingine