Nimemeza dawa ya minyoo mara mbili, sioni nafuu

Kimya_Kingi: Wakuu, tumbo linanisokota wiki ya nne sasa, na kuhara kunakuja na kuondoka. Choo nimepima, hawakuona kitu. Nimeze albendazoli ya tatu au nibadilishe? Silali.

MamaPili: Pole mdogo wangu. Mwanangu aliwahi kupata safura, viganja vikawa vyeupe pee. Chemsha maji ya kunywa.

Fundi_Maabara: Unatumia dawa nyingine yoyote? Na ngozi ikoje?

Kimya_Kingi: Mimi mzima tu. Ila kuna mstari mwekundu unawasha. Asubuhi ulikuwa makalioni, jioni umefika kiunoni.

Hoja_Nzito: Hii chai. Mnyoo gani wa kusafiri hivyo? Tunapotezewa muda.

Fundi_Maabara: Si chai. Lava, yaani watoto, wa strongiloidesi, mnyoo wa utumbo, hutambaa chini ya ngozi sentimita kadhaa kwa saa. Mkuu, narudia: unatumia prednisoloni?

Kimya_Kingi: Ndiyo. Mwaka wa pili, kwa ajili ya pumu. Daktari aliniandikia ya siku tano, nikawa nanunua mwenyewe. Msinihukumu, bila hizo sipumui. Basi leo naziacha zote.

MamaPili: Mnaficha ugonjwa halafu mnataka tiba! Marehemu shemeji alikuwa hivyohivyo.

Fundi_Maabara: Usiziache ghafla! Tezi zako zimezoea kutegemea vidonge, unaweza kuzimia. Hatari ni kwamba prednisoloni imelegeza kinga. Lava wakiongezeka bila kizuizi hutoboa utumbo na kubeba bakteria hadi kwenye damu na mapafu. Dawa inayowaweza ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Albendazoli kwao ni dhaifu. Kupima choo mara moja huwakosa mara nyingi.

Hoja_Nzito: Sasa huyo mnyoo kampata lini, mtu hajaonekana porini?

Fundi_Maabara: Pengine utotoni, akikanyaga udongo pekupeku. Hujiambukiza upya ndani ya mtu yuleyule. Wafungwa wa Vita Kuu ya Pili waliojenga reli ya Thailand na Burma walikutwa nao miongo kadhaa baadaye. Kimya, kifua kikoje?

Kimya_Kingi: Kinabana tangu usiku wa manane. Nikajua pumu. Nilitaka niongeze dozi.

Fundi_Maabara: Usiongeze. Nenda hospitali sasa hivi, na utaje prednisoloni kabla hujataja tumbo.

Hoja_Nzito: Ndugu yangu, samahani. Nenda.

Kimya_Kingi: Nipo kwenye foleni. Kopo la vidonge nimelishika mkononi.