Uliyesoma kilimo chuoni huku ukifanya kazi, njoo tupeane uzoefu

Kitalu_Moro (mleta mada):

Wakuu, salaam kwenu. Binti wa dada yangu amepangiwa stashahada ya kilimo, na tangu apate taarifa hana raha. Juzi kanipigia: "Mjomba, miaka yote hiyo ya shule halafu nikashike jembe?" Sikuwa na jibu la kumpa palepale. Naomba waliopita njia hii waandike yao, nitamsomea. Naanza na yangu.

Nilisoma kilimo cha bustani SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Baba alipenda kwamba chuo kinabeba jina la Sokoine, basi. Kuhusu kozi yenyewe aliniambia babu yangu alilima maisha yake yote bila cheti. Pesa ya kujikimu haikuwa inafika mwisho wa mwezi, kwa hiyo muhula wa pili nikatafuta kibarua cha Jumamosi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kitalu cha miche chini ya milima ya Uluguru. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha udongo, kujaza trei na kumwagilia.

Siku moja mzee alisafiri kwenda msibani, akaniachia kitalu siku nne. Nilitaka arudi akute kijani kitupu. Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, na usiku nikafunika na nailoni miche isipate baridi. Siku ya nne nafunua, nyanya zote zimelala, shina pale linapogusa udongo limekuwa jembamba kama uzi uliolowa. Mzee aliporudi hakunifokea. Aliinama, akang'oa mche mmoja, akasema, "Kinyausi," yaani ugonjwa wa kuoza shina la miche. Kisha akanionyesha pipa alilokuwa akichemshia udongo kabla ya kujaza trei. Ule nilioujaza mimi sikuuchemsha, nilikuwa na haraka.

Wiki chache baadaye mwalimu wa magonjwa ya mimea akaandika ubaoni: Pythium, kimelea kinacholeta kinyausi. Akaeleza unyevu uliozidi, miche iliyosongamana, hewa isiyopita. Wenzangu wote wanaandika, mimi kalamu imesimama. Nilikuwa nawaona wale waliolala. Mzee alijua pipa, hakujua kinachokufa ndani ya pipa. Nikaenda kumweleza Jumamosi ile, akanisikiliza muda mrefu, halafu akaniuliza kama na mabaki ya trei za zamani yanaweza kuwa yanabeba ugonjwa. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia darasani muhula ule. Tukaanza kuosha trei.

Mwaka wa tatu nilikuwa na trei zangu, wateja wanatoka Mlali na Mgeta. Nililipa chumba, na mdogo wangu akamaliza kidato cha nne kwa hela ya miche. Leo ndiyo kazi yangu.

MamaVifaranga:

Mkuu, umenigusa. Mimi nilifuga kuku wa nyama uani nilipopanga, vifaranga mia moja, jiko la mkaa katikati, maranda chini. Wiki ya kwanza joto lisipungue nyuzi 32, kwa hiyo nilikuwa naamka usiku kuongeza mkaa huku nimeshika daftari.

Chanjo nilitoa zote: kideri (mdondo) siku ya 7, Gumboro (ugonjwa mwingine wa kuku) siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Bado wakaanza kufa, shingo zimepinda, dalili ya kideri chenyewe. Nililia. Nilikuwa na uhakika nimeuziwa chanjo mbovu, nikaenda kugombana na muuzaji mbele ya watu.

Tulipofika mada ya chanjo darasani, mwalimu akauliza: mnachanganya na maji gani? Chanjo ile ya kunywesha ina virusi hai. Mimi nilichanganya na maji ya bomba, na dawa ya kutibu maji inaua virusi vya chanjo kabla kuku hajanywa. Tumia maji ya mvua au ya kisima kisafi, au tia unga wa maziwa kwanza. Wanyime maji saa moja au mbili, ukiwapa wayamalize ndani ya saa mbili. Nilirudi kwa yule muuzaji kumwomba radhi. Mpaka leo ananikopesha chakula cha kuku.

Mwambie binti: kama ningesoma tu ningejibu mtihani. Kama ningefuga tu ningemchukia yule kaka wa watu mpaka leo.

Mfugaji_wa_Meru:

LITA Tengeru hapa, chuo cha mifugo, Arusha. Nilikamua kwa jirani saa kumi alfajiri, malipo lita mbili za maziwa kila siku. Nilijifunza kukamua tone la kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia mabonge ya ugonjwa wa kiwele. Mwalimu alipofika hapo nilikuwa namfundisha jirani yangu wa dawati.

Njoro_Yetu:

Hamjambo kutoka Kenya. Mimi nilisomea Egerton pale Njoro, na likizo nilikuwa nikipakia viazi Mau Narok. Huko kuna gunia linaitwa mukorino, limejazwa hadi juu na kushonewa kilemba. Mkulima analipwa gunia moja, lakini ndani kuna zaidi ya kilo mia. Nilibeba magunia hayo mgongoni misimu miwili. Tulipofundishwa masoko, sikuhitaji mfano wa kitabu. Nilimnunulia mama yangu mizani kwa mshahara wa mwisho, na tangu siku hiyo anauza kwa kilo. Madalali wawili walikataa kurudi kwake. Wa tatu alikubali.

Mzalendo_Kimya:

Naomba niseme upande wa pili, msinichukie. Mimi nilifanya ulinzi wa usiku ili nilipe ada. Nilikuwa nasinzia maabara. Nikapata sapu (mitihani ya marudio) tatu, mbili nikashindwa, nikarudia mwaka. Ada ya mwaka ule wa kurudia ilikula kila nilichopata getini na zaidi. Mama yangu aliuza shamba la nusu ekari kunimalizia. Bado linaniuma, maana lilikuwa la bibi. Kama binti anaweza, kazi yake iwe mchana, iwe ya kilimo, na wiki za mitihani mwajiri ajue kabisa kwamba hayupo.

Kitalu_Moro:

Mkuu Mzalendo, hakuna wa kukuchukia. Nimemsomea ujumbe wako kwanza kabla ya mingine yote. Mimi nilikuwa na Jumamosi tu na mzee aliyenielewa. Si kila mtu anapata hivyo, na sikulisema mwanzoni.

Ukiriguru_Mwanza:

Amepangiwa wapi, mkuu? Vyuo vingi vya Wizara ya Kilimo vimekaa jirani na vituo vya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania: Ilonga, Uyole, Mlingano, Tumbi, huku kwetu Ukiriguru. Msimu wa majaribio huwa kunahitajika watu wa kupima nafasi, kupalilia, kuhesabu vitumba vya pamba. Akiulize mapema chuo chake, kabla mvua hazijaanza. Mimi nilihesabu vitumba msimu mzima, na ndipo nilipoelewa kwa nini utafiti unarudia jaribio lilelile kwenye vipande vinne.

Kitalu_Moro:

Amepangiwa Ilonga, Kilosa. Ahsante sana kwa hilo la majaribio, sikuwa nimeliwaza.

Nimemsomea yote leo jioni. Kwenye ile ya maji ya bomba alinikatiza, akataka kujua na maji ya kuchemsha je, yakipoa. Sikuwa na uhakika, MamaVifaranga naomba umjibu. Jumapili nampeleka kwa mzee wa kitalu. Bado yupo, macho yamepungua nguvu, lakini udongo anaujua kwa vidole. Nitaleta mrejesho.