Ovafloo ya tenki la samaki inanguruma usiku kucha, umeme ukikatika sampu inamwaga. Naomba ushauri

njiro_mbuna:
Wakuu, habari za jioni. Niko Arusha, nina tenki la vioo la sentimita 120 kwa 50, ndani wamo mbuna wa Ziwa Nyasa. Fundi vioo aliniwekea boksi la ovafloo, la kupokea maji yanayozidi, kwenye kona. Chini ya boksi kuna matundu mawili: la inchi moja linashusha maji kwenye sampu (tenki dogo la chini lenye pampu), la robo tatu linayapandisha kutoka kwenye pampu. Sampu ni 60 kwa 35, kimo 40, na maji yakizunguka yanasimama kwenye 25.

Shida ya kwanza ni kelele. Maji kwenye boksi yanapanda taratibu, halafu ghafla bomba linayafyonza yote kwa mngurumo, linakohoa, linanyamaza, mchezo unaanza upya. Mgeni aliyelala sebuleni aliniuliza asubuhi kwa nini watu wa nyumba hii wanakwenda chooni sana.

Ya pili, umeme ukikatika sampu inajaa na kumwaga maji sakafuni. Nafikiria kuweka koki kwenye bomba la kushusha, nilibane kelele ziishe, na valvu ya njia moja kwenye la kupandisha. Kabla sijaenda dukani naomba mawazo.

chalii_wa_sakina:
Valvu ya njia moja inamaliza kazi, arifu. Kelele zoea tu, mbuna wenyewe hawalalamiki.

fundi_rau:
Mkuu, koki iache kwanza. Una bomba moja tu la kushusha. Ukilibana, siku jani au konokono akikwama hapo pampu haitajua, itaendelea kupandisha maji mpaka tenki lifurike juu. Bomba la kushusha likiwa peke yake halifungwi koki, nakwambia hivyo bila kubembeleza.

Sasa kelele. Nahisi juu ya bomba kuna elbo (kiungo cha kona) imetazama chini, haina tundu la hewa. Maji yakifunika mdomo wake bomba linajaa, saifoni (mvuto wa bomba lililojaa maji bila hewa) inashika, inavuta haraka kuliko pampu inavyoleta. Boksi linapungua, hewa inaingia, saifoni inakatika. Basi ni hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Dawa ya bei nafuu: toa elbo, weka tii (kiungo chenye umbo la T), na juu ya tii kifuniko chenye tundu la milimita 3 hivi. Ndiyo mtindo wa Durso. Tundu likiwa dogo mno saifoni itarudi, likiwa kubwa mno maji yatapanda kwenye boksi na utasikia maporomoko. Anza na dogo, upanue kidogo kidogo. Ukichomeka pale mpira wa hewa wenye kikoki cha plastiki, utarekebisha kwa vidole bila kutoboa tena.

mama_sato:
Mwanangu wa Njiro, mdomo wa bomba la kupandisha uko chini ya uso wa maji sentimita ngapi?

njiro_mbuna:
Kama 9, mama. Fundi aliushusha ili maji yasirukeruke.

mama_sato:
Mafuriko yako yanatoka hapo. Pampu ikizimika, bomba hilo hilo linageuka na kunyonya maji ya tenki kurudi chini, haliachi mpaka mdomo upate hewa. 120 kwa 50 ni lita 6 kwa kila sentimita. Mara 9 ni lita 54. Sampu yako inabeba lita 2.1 kwa sentimita, umebakiza sentimita 15, yaani lita 31 na nusu. Zaidi ya lita 22 hazina pa kwenda, na hapo sijahesabu yaliyomo kwenye mabomba.

Pandisha mdomo ubaki sentimita 2 tu chini ya maji. Zitarudi lita 12 na kidogo, sampu inazimeza. Toboa pia tundu la milimita 4 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, livute hewa mapema. Lisugue kwa mswaki kila unapobadilisha maji, maana mwani hulipenda. Ukimaliza, zima pampu mwenyewe mchana ukiwa umesimama hapo. Maji yakitulia tazama yameishia wapi kwenye sampu, kisha washa na uweke alama ya kiwango cha kujazia. Usijaze kupita alama hiyo.

Ya chalii siikatai, ila si ya kutegemea. Punje ya mchanga ikikaa kwenye ulimi wa valvu haifungi, na mbuna wanachimba mchanga kutwa. Ukiiweka, hesabu piga kana kwamba haipo.

chalii_wa_sakina:
Mama, yangu ina miaka na haijavujisha hata tone.

mama_sato:
Umewahi kuifungua ukaitazama?

chalii_wa_sakina:
Hapana. Ngoja niifungue Jumapili.

njiro_mbuna:
Shukrani sana mama. Fundi, tii nikiweka kelele inaisha kabisa?

fundi_rau:
Inapungua sana, kwisha kabisa sikuahidi. Unataka kimya? Bomba la kupandisha lipitishe nyuma, juu ya ukingo wa kioo, tundu lake la robo tatu liwe bomba la pili la kushusha. La inchi moja libaki saifoni tupu, chini yake geti valvu, ile ya kuzungusha taratibu, uibane mpaka maji ya boksi yasimame pale pale bila kuvuta hewa. La pili mdomo wake uwe juu zaidi, likae kavu likingoja dharura. Wanaita mtindo wa Herbie. Hapo valvu inaruhusiwa, kwa kuwa kuna njia ya pili. Boli valvu usinunue kwa kazi hii, ukiigusa kidogo imeshapitiliza.

Halafu jaribio ambalo wengi hawafanyi: funga valvu yote, uone kama la robo tatu linabeba maji yote ya pampu. Pima pampu kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 36, ni lita 2,000 kwa saa. Bomba dogo likizidiwa, punguza pampu.

njiro_mbuna:
Madukani mjini geti valvu nyingi ni za shaba. Zinafaa?

mzee_wa_bwawa:
Shaba ni sumu kwa konokono na kamba, na kwenye maji ya chumvi usithubutu. Tafuta ya PVC, hata kama utaiagiza. Weka na yunioni (viungo vya kufunguliwa kwa mkono) juu na chini ya valvu, la sivyo siku ya kuisafisha utakata bomba kwa msumeno.

njiro_mbuna:
Mrejesho, wakuu. Nimepata ya PVC, nimefunga kama fundi alivyosema. Kimya, nasikia saa ya ukutani. Nimezima pampu, sampu haikumwaga. Nilipofunga valvu yote bomba dogo lilizidiwa, nikapunguza pampu, sasa linabeba. Kilichobaki ni mapovu madogo yanayopanda mpaka kwenye tenki.

fundi_rau:
Mdomo wa saifoni ndani ya sampu uzame sentimita 2 au 3, usizidi. Ukizama sana hewa haipati pa kutokea, na umeme ukirudi saifoni inachelewa kushika. Ukiusikia mngurumo kidogo baada ya kuwasha usishtuke, ni hewa inatoka. Mapovu yakiendelea, weka sponji kabla ya chumba cha pampu.

njiro_mbuna:
Sawa fundi. Halafu kwenye sampu nimekuta vifaranga wa mbuna wanaogelea, sijui walishukaje.

mama_sato:
Wamepita kwenye meno ya boksi, ile mianya ya kuingizia maji. Waache humo, huko juu wangeliwa. Ila vika mdomo wa pampu sponji leo leo.