Jiografia kwenye chuo cha jamii (community college) California: AA-T, njia ya UC, au cheti cha GIS peke yake?

Kaskazi_Kusi
Wakuu, naomba ulinganisho. Kijana amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), ana green card na ameshakaa California zaidi ya mwaka. Hesabu anaziweza, pesa ndiyo shida. Ipi inamfaa kati ya hizo tatu: AA-T (shahada ya miaka miwili ya kuhamia chuo kikuu), njia ya UC (University of California), au cheti cha GIS (mifumo ya ramani kwa kompyuta)?

BiKontua
Anza na pesa, maana ndiyo inayoamua mengine. Mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo). AA-T ni yuniti 60, kwa hiyo ada ya shule nzima ni dola 2,760, ukiacha vitabu na michango midogomidogo. Ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, mapema. Kipato kikiwa chini atapata California College Promise Grant, inayofuta hiyo 46 yote. Ukazi ni mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza, na lazima aonyeshe vielelezo: leseni ya jimbo, fomu za kodi. Asipoleta vielelezo atatozwa ada ya mgeni, na hiyo ni balaa.

Kiini cha AA-T ni jiografia ya maumbile (yuniti 3), maabara yake (1) na jiografia ya binadamu (3). Baada ya hapo anachagua: hali ya hewa, jiografia ya California, kanda za dunia, utangulizi wa GIS. Achukue GIS hata kama halazimiki.

Kumbuka AA-T inamhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU (California State University), si kampasi aliyoipenda. Wengi huomba kampasi moja yenye foleni, wakikosa wanalalamika. Aombe tatu au nne.

Mzee wa Latitudo
Naongeza ya UC. Shahada ya kwanza ya jiografia iko Berkeley, UCLA na Santa Barbara. Uhakika wa AA-T ni wa CSU. UC wanatazama zaidi masomo ya maandalizi na alama. Katika hizo tatu, Santa Barbara pekee ina TAG, yaani mkataba wa kuhakikishiwa nafasi kabla. TAG hujazwa tarehe 1 hadi 30 Septemba, halafu maombi yenyewe yanaanza kutumwa Oktoba 1. Akipitisha Septemba, TAG imekwenda.

Kila somo alipime kwenye assist.org: unaweka chuo chake, chuo kikuu anachotaka na mwaka wa masomo, inakuonyesha kipi kinapokelewa badala ya kipi. Asichukue neno la mwanafunzi mwenzake.

Mtego mkubwa uko Cal-GETC, masomo ya jumla (kozi 11, yuniti 34). Jiografia ya maumbile inajaza nafasi ya sayansi ya vitu visivyo hai, na maabara yake inajaza ya maabara. Hapo amepiga ndege wawili. Lakini sayansi ya jamii inataka masomo mawili ya fani mbili tofauti. Jiografia ya binadamu pamoja na kanda za dunia zote ni jiografia, kwa hiyo moja haihesabiki hapo. Aweke uchumi, mtu wa EGM hatasumbuka. Kwenye hesabu achukue takwimu.

rasta_na_vekta
Cheti cha GIS peke yake kinamfaa mtu mwenye shahada tayari, au aliye kazini anayetaka kuongeza ujuzi. Kijana wa kidato cha sita akiishia hapo, atakutana na matangazo mengi ya kazi yanayotaka shahada.

Vifaa: ArcGIS Pro, programu ya GIS, ni ya Windows tu. Mwenye Mac afanyie kazi kwenye maabara ya chuo, na nyumbani ajizoeze na QGIS, ambayo ni bure. RAM ya GB 16, chini ya hapo atasubiri sana.

Mahali wanafunzi wanapokwama ni kuunganisha majedwali. Namba ya utambulisho ya sensa ya kaunti ya Los Angeles ni 06037. Ukifungua CSV (faili ya jedwali) kwa kubofya mara mbili, Excel inameza sifuri na kubakiza 6037. Kwenye ramani utambulisho huo ni maandishi, kwenye jedwali ni namba, basi unaunganisha na safu zote zinatoka tupu. Dawa: ingiza CSV kupitia menyu ya Data na uitaje safu hiyo kuwa maandishi. Na akituma shapefile (ramani ya GIS yenye faili kadhaa), atume .shp, .shx, .dbf na .prj pamoja kwenye zip. Wanaotuma .shp peke yake hawaishi.

Kaskazi_Kusi
Shukrani. Sasa AA-T na cheti vinaweza kwenda sambamba?

BiKontua
Vinaweza, kwa kuwa utangulizi wa GIS mara nyingi unahesabiwa pande zote mbili. Shida ni ratiba. Kozi za juu za GIS huenda zikafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na zikikosa watu zinafutwa. Asisubiri cheti na kuchelewa kuhama: Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato cha chini, ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili, na akifika chuo kikuu bado ataihitaji kwa mihula ya huko.

Muhula wa kwanza achukue maumbile na maabara pamoja, wa pili GIS. Maabara atakutana na ramani za USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) za 1:24,000, inchi moja ni futi 2,000, na kontua ziko kwa futi. Aliyezoea 1:50,000 za nyumbani husoma 40 akadhani mita, na mteremko wake unatoka mkali zaidi ya mara tatu. Asome maelezo ya chini ya ramani kwanza.

Mzee wa Latitudo
Na matokeo ya NECTA yapelekwe sasa hivi kwa mtathmini mwanachama wa NACES (umoja wa kampuni za kutathmini vyeti vya nje). Aulize chuo kwanza wanataka ripoti ya aina gani, ya jumla au ya somo kwa somo, asije akalipia mara mbili.