Bidhaa feki zinakamatwa kila siku kwenye taarifa ya habari, sisi tulioshauziwa hela yetu anarudisha nani?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, nina hasira na nahitaji watu wanaojua.

Juzi saa mbili usiku nimekaa sebuleni kwangu hapa Mbagala naangalia taarifa ya habari. Ikaja ile habari tunayoijua wote: ghala limekutwa na bidhaa bandia, maboksi yamepangwa hadi juu, ofisa anashika moja anaonyesha kamera, anasema wahusika watachukuliwa hatua za kisheria. Habari ikaisha, wakaingia michezo. Mimi nikabaki namwangalia mtangazaji. Waliokwisha kununua mzigo wa ghala hilo kabla halijafungwa wanaenda wapi? Hakuna aliyewataja hata kwa sentensi moja.

Nauliza hivyo kwa sababu pembeni ya TV yangu kuna friza limekufa.

Mwezi wa pili nilipokea mchezo kwenye kijumbe chetu, nikaongezea akiba, nikaenda Kariakoo na shilingi 650,000. Nauza barafu za ukwaju na maziwa mtindi kwa watoto wa shule, na hilo nilimweleza muuzaji waziwazi. Nilimwambia kaka, nataka friza la biashara, litakuwa linawaka mchana na usiku. Akanijibu, "Mama chukua hili, hili ni kazi tupu, waranti mwaka mzima." Nikalipa kwa lipa namba. Nilipodai risiti ya mashine akasema mtandao unasumbua, akachana karatasi ya kitabu, akaandika kwa mkono "friza 1", akagonga muhuri. Chini kabisa, kwa maandishi madogo yaliyochapwa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikakodi kirikuu 25,000 hadi nyumbani.

Siku ya tisa nimeamka alfajiri, nakanyaga maji. Barafu zote zimeyeyuka, rangi ya ukwaju imesambaa kwenye sakafu hadi mlangoni, maziwa yananuka. Umeme upo, taa ya friza inawaka, kompresa kimya. Fundi wa mtaani akaja, akafungua kwa nyuma, akaniita nione mwenyewe. Mabomba yalishawahi kuchomelewa, na penye kiungo kimoja rangi nyeusi mpya imepakwa juu ya kutu. Akaniambia, "Mama, hili limetumika, wamelipaka rangi tu." Nimeuziwa kama jipya, na bado lilikuwa ndani ya nailoni na boksi lake!

Nikalirudisha dukani, kirikuu tena 25,000 kwenda na kurudi nalo. Yule kaka wa "mama chukua hili" hakunitazama hata usoni. Kwanza eti umeme wa Mbagala ndio umeliua. Nikamwonyesha picha za kutu, akasema waranti inafanya kazi kwa mwenye risiti ya mashine. Risiti ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeninyima! Mwisho akaweka kidole kwenye yale maandishi madogo, akasema, "Mama, wewe si unajua kusoma?" Mbele ya wateja. Nina miaka 47, nimelea watoto wanne kwa hizo barafu.

Sasa sikilizeni, maana hiki ndicho kimenichoma zaidi. Jirani yangu ana binti anasoma sheria. Nilipomsimulia akaniuliza, "Mama mkubwa, nani alikwambia hayo maandishi ni sheria?" Tukakaa na simu yake tukasoma. Kumbe ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ya zamani kabisa, inayosema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kifaa kifanye, na wewe ukategemea ujuzi wake, basi kifaa kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mimi nilimweleza! Ipo na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kuna Tume ya Ushindani ya kuisimamia, na humo imekatazwa kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa kitu, kusema ni kipya wakati kimetumika, na hata kumdanganya kuhusu haki zake mwenyewe. Kwa hiyo lile karatasi la "hairudishwi" halina nguvu ya kumficha aliyeuza kitu kibovu. Unaweza kulikubali pale unaporudisha gauni kwa sababu rangi haikukupendeza. Friza lililochomelewa ni jambo jingine kabisa.

Na kuhusu risiti: kutoa ni wajibu wa muuzaji, tunaimbiwa kila siku "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Lakini kukosa risiti ya mashine hakufuti mauziano yaliyofanyika. Meseji ya malipo ninayo, ina tarehe, muda, kiasi na jina la aliyepokea. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Picha za kutu ninazo, fundi yupo, dereva wa kirikuu yupo.

Nimeishi Dar miaka yote hiyo, taarifa ya habari sikosi, na haya yote nimeyajua kwa binti wa miaka 22 tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Kwa nini? Habari ya ghala ingeongezwa sekunde thelathini tu: kama ulinunua bidhaa hii, tunza karatasi yako, usiitupe bidhaa, mwandikie muuzaji, asipojibu peleka malalamiko sehemu fulani. Wangapi tungepona?

Na sio mafriza tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Habari ilikuwa kubwa, wote tulishangilia. Mtaani kwetu maswali yakaanza kesho yake asubuhi: huyu anasema deni limekufa, yule anasema utakamatwa, na hakuna chombo cha habari kilichokaa na watu hao kuwafafanulia. Mimi mwenyewe nilishatumiwa meseji na wakopeshaji wa aina hiyo: "Mjulishe fulani alipe leo, wewe ndiye mdhamini wake." Fulani ni mteja wangu wa barafu, namba yangu ilikuwa kwenye simu yake basi. Sijawahi kusaini wala kukubali chochote. Siku tatu sikulala vizuri nikidhani nadaiwa kweli. Udhamini ni mkataba, haupo bila ridhaa yako. Na kuchota namba za watu kwenye simu ya mkopaji ili kumdhalilisha kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Yule dada mteja wangu alihama mtaa kwa aibu. Alihama wakati haki ilikuwa upande wake kwenye hilo la kudhalilishwa, hata kama deni analo.

Kodi ya jengo kwenye LUKU nayo. Agosti 2021 ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Viongozi walisema tumalizane na wenye nyumba, habari ikaishia hapo. Wapangaji humu, nani kalipwa?

Na ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024. Tulilia na waliofiwa, na bado inauma. Ila wapo waliokuwa na mzigo wote wa maisha yao mle ndani, wenye mikataba ya pango na wasio nayo. Nani alitangaza kwa lugha nyepesi mpangaji wa fremu anamdai nani jengo likianguka? Maduka ya jirani bado watu wanalipa kodi ya mwaka mzima kwa makubaliano ya mdomo.

Waandishi mliomo humu, hili nawaambia ninyi kwa majina yenu ya kazi: mnatuletea ofisa, mnatuletea waziri, mnatuletea mwenye kampuni. Mleteni na aliyenunua.

Sasa nilipofikia. Binti amenisaidia kuandika barua ya madai kwa lile duka: nimetaja tarehe, kiasi, kasoro, nimewapa siku saba warudishe 650,000 pamoja na gharama za kirikuu. Nimepeleka nakala mbili, moja nimewalazimisha waigonge muhuri wa kupokea, na yule kaka safari hii hakuuliza kama najua kusoma. Siku saba zinaisha Alhamisi. Ijumaa asubuhi naenda kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani nikiwa na barua, meseji, picha na maelezo ya fundi.

Naomba kwa aliyewahi kupeleka malalamiko yake mwenyewe pale, au aliyefungua madai ya namna hii Mahakama ya Mwanzo: ulienda na nyaraka gani, uliitwa baada ya muda gani, na friza au simu yenyewe ulibeba au ulipeleka picha tu? Sina hela ya kirikuu ya tatu.